Jelatini Isiyotaka Kuyeyuka

Ushanga haukuanguka.

Mwanaidi Semboja aliinamia beseni la maji mpaka miwani yake ikaingia ukungu. Katikati ya beseni lilisimama bomba la kioo lenye jelatini iliyoganda, na juu ya jelatini alikuwa ameweka ushanga mwekundu, mdogo kuliko punje ya mtama. Kipimo chenyewe kilikuwa cha kizamani: unayapasha maji polepole, jelatini inalegea, ushanga unazama, nawe unasoma kipimajoto. Jelatini ya ngozi ya jodari huuachia ushanga kwenye nyuzi ishirini na tano, ikizidi sana ishirini na saba. Kipimajoto kilikwisha kupita ishirini na tisa, na ushanga ulikuwa bado umekaa pale juu kama bibi harusi kwenye kiti chake.

Ulizama kwenye thelathini na mbili.

Akarudia kwa mabomba matatu, kutoka mifuko mitatu ya shehena ile ile. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili. Thelathini na mbili na nusu. Lebo ya kila mfuko ilisema neno lile lile: jelatini ya ngozi ya jodari, halali, Rasi ya Kitope.

Mwanaidi alikuwa mkaguzi wa ubora wa Kituo cha Tishu cha Lindi. Huu ulikuwa mwaka wa sita kituo kikiotesha ngozi kwa ajili ya watu walioungua, na walioungua hawakuwa wachache, maana kila nyumba siku hizi ilikuwa na betri ukutani, na kila betri ilikuwa na siku yake ya kukasirika joto la mchana likipita nyuzi arobaini. Jelatini ilimiminwa kwenye kalibu, ikakaushwa kwa baridi kali mpaka ikawa kiunzi, wavu mwembamba wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Wavu ukakazwa kwa mwanga. Kisha seli za mgonjwa mwenyewe zikapandwa humo, kama miche ya mpunga kwenye jaruba, na baada ya wiki tatu pale palipokuwa na wavu palikuwa na ngozi.

Kasoro ya samaki ilijulikana. Ngozi yake haikuumbwa kwa joto la damu ya mtu, na hata ikikazwa namna gani, kiunzi chake kilikuwa chepesi kulegea. Mwaka uliopita, viunzi vinne katika kila kumi viliteleza kwenye majeraha kabla ya kushika mizizi. Tangu Februari, tangu mzabuni wa Rasi ya Kitope aanze kuleta mzigo, hakikuteleza hata kimoja. Watu wa wodini walichinja mbuzi. Dakta Eliamani Mshana, mkurugenzi na mpasuaji mkuu, alipigwa picha akicheka, jambo ambalo wengi hawakuwahi kuliona.

Mwanaidi naye aliila ile nyama ya mbuzi. Lakini alikuwa mtu wa kunusa hata wali uliosifiwa na wote, na miezi mitano ya mafanikio bila doa ilimwasha kama upupu. Ndiyo maana asubuhi hiyo alikuwa amelitoa beseni kabatini.

Alishuka kwa Kassim Shomvi, mtunza ghala la baridi.

"Jodari gani huyu, Kassim, anayeyeyuka kwenye thelathini na mbili?"

Shomvi alicheka haraka, kabla swali halijamalizika vizuri. "Bahari yenyewe imechemka, dada Mwanaidi. Samaki wa sasa wamezoea moto."

"Nipe daftari la tanuri, nikague viunzi vilivyokataliwa."

"Vyote vimeteketezwa."

"Ndiyo maana nataka daftari."

Shomvi hakusogea. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja kwenye fremu huku na mwingine kule, na baridi ya ghala ikimtoka mgongoni kama moshi. Mwishowe akasema daftari liko kwa Dokta. Mwanaidi akashukuru, akazunguka nyuma ya jengo mpaka kwenye tanuri. Lakiri ya mlango wa tanuri ilikuwa na tarehe ya Januari. Buibui alikuwa amejenga juu yake, akazaa, akahama.

Viunzi vya akiba ya jelatini ya zamani, alivyovikataa yeye mwenyewe tangu wakati huo, vilikuwa mia moja na arobaini. Vimekwenda wapi?

*

Kwanza alimwogopa nguruwe.

Hakuthubutu kulitamka neno hilo, hata peke yake. Kila mgonjwa aliyelazwa pale aliweka kidole gumba kwenye kibao kilichoandikwa: Ngozi nitakayowekewa imetokana na samaki. Wengi walikuwa Waislamu kama yeye, na wengine waliokuwa Wakristo au wasio na dini walikuwa na haki ile ile ya kuambiwa ukweli. Jelatini ya kuyeyuka kwa joto kubwa hutoka kwa mnyama mwenye damu ya moto, na wa bei rahisi duniani ni huyo.

Kabla ya kwenda maabara alipita wodini kwa Tunu Kibanga. Tunu alikuwa mwalimu wa darasa la tano huko Nachingwea. Betri ya bajaji ililipuka akiwa amekaa nyuma yake, ikamla shingo, kifua na mkono wa kushoto. Wiki ya tano sasa alikuwa amelala kwenye kitanda cha hewa, kidonda kikiwa kimefunikwa utando wa muda ambao ulibadilishwa kila siku kwa maumivu makubwa. Kiunzi chake kilikuwa tayari kabatini. Angewekewa Alhamisi.

"Leo umekuja na uso wa msimamizi wa mtihani," Tunu alimwambia.

"Sijalala vizuri."

"Dada, nani alale vizuri na joto hili? Niambie, ngozi yangu inaendeleaje?"

"Inaota vizuri sana," Mwanaidi alijibu. Lilikuwa neno la kweli.

Mashine ya kusoma protini ilichukua saa moja na nusu. Mwanaidi alikaa mbele yake amefumbata mikono. Jibu lilipokuja alisoma mstari wa kwanza akamshukuru Mungu kwa sauti: si nguruwe. Si ng'ombe. Si mbuzi, si ngamia, si punda. Kisha akafika mstari wa mwisho. Mnyama huyu hayumo kwenye kumbukumbu. Jamaa yake wa karibu: tembo.

Alidhani mashine imeharibika. Akaisafisha, akaweka sampuli nyingine, akasubiri tena saa moja na nusu, na tena ikamletea tembo. Tembo, kutoka Rasi ya Kitope, kwenye mabwawa ya zamani ya kufugia kamba yaliyozungukwa na maji ya chumvi pande tatu!

Alikuwa ameshasimama kwenda kumwita fundi alipokumbuka. Kidato cha pili, mwalimu wa baiolojia aliwahi kuwachekesha darasa zima kwa kuwaambia kwamba tembo ana binamu aliyekimbilia baharini, akala majani ya chini ya maji, akanyonyesha mtoto kifuani kama mtu. Wavulana walicheka sana.

Mwanaidi akakaa. Nguva.

Walikuwa wamebaki sitini na kitu katika pwani yote, na kila mmoja alikuwa na namba.

*

Jumatano saa tano asubuhi, Mwanaidi alichukua pikipiki ya kituo na barua yake ya ukaguzi, bila kumuaga mtu. Barabara ya Rasi ya Kitope ilipita katikati ya mashamba ya chumvi, weupe mtupu, jua likimpiga juu na chini. Alipofika getini barua haikuhitajika. Mlinzi aliona nembo ya kituo kwenye pikipiki, akafungua.

Mwanamke mfupi aliyevaa buti za mpira alimjia akijipangusa mikono. Huyu alikuwa Veronika Likwata, daktari wa wanyama wa pale.

"Afadhali umefika," akasema. "Umeleta vya wiki hii?"

Mwanaidi akajifanya anajua. "Vimebaki vingapi?"

"Sita tu. Na leo tunachuna wawili. Shomvi alisema ataleta jana, mimi hapa namsubiri mpaka nachoka. Njoo uone mwenyewe, usije ukadhani tunavitupa."

Akamfuata. Bwawa la kwanza lilikuwa na jodari wachache wanaozunguka bila kazi, kama watu waliowekwa sebuleni kwa ajili ya wageni. Bwawa la pili lilikuwa kubwa, limefunikwa turubai la kivuli. Maji yalikuwa ya kijani, na chini kabisa yalilala maumbo marefu ya kijivu, yametulia.

"Mbona wamelala chini?"

"Hawajalala." Veronika alikuwa amebeba sinia la chuma lenye vyombo. "Wamesikia sinia. Wakilisikia wanazama na kujibana huko chini. Lakini nguva hana matamvua ya kupumulia kama samaki, dada yangu. Dakika sita, saba, kumi kwa yule mkubwa. Mwisho lazima apande avute pumzi."

Wakasubiri. Turubai lilipigwapigwa na upepo. Kisha maji yakafunguka karibu kabisa na miguu ya Mwanaidi, pua pana yenye sharubu ikatoka, ikapiga chafya ya pumzi iliyobanwa kwa muda mrefu, na mgongo ukafuata.

Mgongoni palikuwa na kiraka cha mstatili chenye rangi ya maziwa, kimeshonwa kwa uzi mweusi. Kiraka kilikuwa kimeanza kushika. Pembeni yake palikuwa na makovu ya mistatili mingine, yamepangana kama vigae. Na kwenye pembe ya kiraka, kwa wino usiofutika, Mwanaidi alisoma mwandiko wake mwenyewe: Imekataliwa. M.S.

"Hatuui hata mmoja," Veronika alikuwa akieleza, kwa sauti ya mtu anayeona fahari ya kazi yake lakini hapendi kuitazama kwa karibu. "Tunachuna ukanda wa viganja viwili, kwa ganzi. Tunamfunika kwa kiunzi cha samaki. Kwa mtu hakifai, kwa nguva kinafaa sana, maji ya bwawa hayana joto la damu ya mtu. Siku ishirini ngozi inarudi. Dakta Mshana alilifikiria jambo hili kwa akili nyingi."

"Huyu amechunwa mara ngapi?"

"Huyu? Mara tisa." Akaliweka sinia chini. "Zamani alikuwa anakuja kula majani mkononi mwangu."

*

"Keti," alisema Dakta Mshana.

"Nitasimama."

Mshana hakukana. Hilo ndilo lililomtisha Mwanaidi kuliko yote, kwa kuwa njia nzima alikuwa amejiandaa kubishana na uongo. Mkurugenzi alivua miwani, akaiweka mezani, akamtazama kwa macho mekundu ya mtu aliyetoka kupasua.

"Mwaka jana nilizika wagonjwa kumi na tisa," akasema. "Wewe uliwaandika kwenye ripoti. Mimi nilikuwa naonana na mama zao. Mwaka huu sijazika hata mmoja. Nionyeshe hesabu nyingine inayopatikana kwa kumuumiza mnyama bila kumuua, niichukue leo hii."

"Kuotesha protini hiyo kwenye chachu, Dokta. Ulisema mwenyewe inawezekana."

"Miaka minne. Labda mitano. Tunu Kibanga ana siku kumi, labda kumi na mbili, kabla usaha haujaingia kwenye damu. Na nyuma yake wako kumi na watatu."

"Basi mbona hukuwauliza?"

"Mtu anaungua, Mwanaidi. Unamuuliza maji ya kumzimia yametoka kisima gani?"

"Ukimwekea kidole gumba kwenye kibao kinachosema kisima cha msikiti, ndiyo, unamuuliza!"

Mshana aliinuka akaenda dirishani. Nje, jamaa wa wagonjwa walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta na vyombo vyao vya chakula.

"Ukifungua mdomo leo, kesho serikali inafunga ghala, na kiunzi cha Tunu kinabaki humo humo kama ushahidi," akasema bila kugeuka. "Sikutishi. Nakueleza tu. Mimi nimekwisha kuamua zamani, na nalala. Sasa ni zamu yako."

Mwanaidi alitoka bila kuaga. Ukumbini alimkuta Shomvi akijifanya anasoma tangazo lililobandikwa miaka miwili iliyopita, na kila muuguzi aliyempita alimsalimia kwa upole uliozidi kidogo. Nani hakujua? Alitembea akizitazama nyuso zile moja moja, nyuso za watu aliokula nao mbuzi, na hakuna hata moja aliyoweza kuiamini.

*

Alimweleza Tunu yote jioni ile, akiwa amekaa kwenye kigoda karibu na kichwa chake. Nyuzi thelathini na mbili, tembo, bwawa, sinia, mara tisa. Hakupunguza kitu. Tunu alisikiliza akitazama dari, kwa kuwa shingo haikumruhusu kutazama kwingine.

"Kwa nini umeniambia?" akauliza mwishowe.

"Ni haki yako kujua."

"Hapana, dada. Mzigo umekulemea, umekuja kuutua kwangu." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti ya mwalimu aliyemkamata mwanafunzi. "Niulize basi. Kiunzi changu kimeshatengenezwa?"

"Kimeshatengenezwa. Seli zako zimekijaza."

"Nikikikataa, mnyama atarudishiwa ngozi yake?"

"Hapana."

"Nitapona bila hicho?"

Mwanaidi akainyosha shuka ambayo ilikuwa imenyooka.

"Sasa swali ulilokuja nalo hapa ni swali gani?" Machozi yalimtiririka Tunu pembeni, yakaingia masikioni, na hakuwa na mkono wa kuyafuta. Mwanaidi akayafuta kwa kanga yake. "Niwekeni. Nataka kuishi, sitaona aibu kusema hivyo. Nitaivaa nikijua nimevaa nini. Lakini hao kumi na watatu, usiende ukawauliza kitanda kwa kitanda kama ulivyoniuliza mimi. Mtu aliyelala hivi atasema ndiyo kwa lolote. Amua wewe uliyesimama."

Siku ya Alhamisi, Mwanaidi alisaini kiunzi cha Tunu, akakibeba mwenyewe hadi chumba cha upasuaji, akasubiri nje saa tano nzima. Alijua kwamba kwa siku ile moja aliyonyamaza, nguva wawili walikuwa wamechunwa Rasi ya Kitope. Mlango ulipofunguka na Mshana akaitikia kwa kichwa kwamba mambo yamekwenda vizuri, aliteremka ghalani, akamwomba Shomvi atoke, akafunga kufuli la ukaguzi na kubandika utepe mwekundu. Kisha akatuma ripoti kwa mamlaka mbili, ya dawa na ya bahari, ikiwa na picha, vipimo, na maelezo ya ile siku moja. Hakuificha.

*

Wakaguzi walifika Ijumaa. Nguva wanane kati ya kumi na mmoja walivushwa nje ya mwamba na kuachiwa, na Veronika Likwata ndiye aliyewasindikiza majini mpaka kifuani. Watatu walikuwa wamedhoofika mno, wakafa bwawani. Dakta Mshana alisimamishwa kazi. Siku alipoondoka, jamaa wa wagonjwa walijaa getini wakimlilia, na mtu mmoja alimtemea Mwanaidi mate miguuni.

Kituo kilirudi kwenye jodari. Wale kumi na watatu walihudumiwa kwa viunzi vya samaki, vikateleza, vikawekwa upya, vikateleza tena. Kumi na mmoja walipona, wengine baada ya miezi. Wawili hawakupona. Mmoja wao aliitwa Somoe.

Wiki ya tatu baada ya maziko, mumewe, Hashimu Chilumba, alibisha hodi kwenye ofisi ya Mwanaidi. Alikuwa mtu mzima wa mwili mkubwa, shati limepigwa pasi. Alikaa alipoonyeshwa.

"Wameniambia wewe mama ndiye uliyefunga ghala."

"Ni mimi."

"Nimekuja kuuliza jambo moja, na sitaki kufarijiwa. Kile cha nguva kingemponya mke wangu?"

Mwanaidi alikuwa ameliandaa jibu kwa majuma mengi: tiba haina uhakika, kila mwili na wake, ajali ya Mungu. Yalikuwa maneno ya kweli yote. Akamtazama usoni.

"Tangu Februari hakuna kilichoteleza hata kimoja," akasema. "Ndiyo. Nadhani kingemponya."

Mikono ya Hashimu ilikuwa imelala juu ya magoti, viganja vikitazama juu.

"Na yeye angekubali," akasema. "Somoe alipenda kuishi. Angewaomba radhi hao wanyama, lakini angekubali."

"Hatukumuuliza."

"Naam. Hamkumuuliza." Akavuta pumzi. "Mkurugenzi wenu alikuja msibani akaniambia maneno mazuri. Serikali nao wameniletea barua nzuri. Wewe ndiye wa kwanza kunijibu. Naomba hayo uliyosema uniandikie."

"Yote?"

"Kwamba ulifunga ghala, na kwamba angepona. Watoto wake watakuja kuuliza, na mimi sitaki wapewe maneno mazuri."

Mwanasheria wa kituo alikwisha kumwonya asiandike chochote kwa jamaa wa marehemu, kwa namna yoyote ile. Mwanaidi alivuta karatasi, akaandika kwa mkono, mistari sita, kwa kalamu ya wino. Aliandika jina la Somoe kwa ukamilifu. Hakuongeza kwamba nguva wanane walikuwa hai, ingawa sentensi hiyo ilimjia mara mbili, na mara mbili akaiacha. Akatia saini, akamsogezea.

Hashimu aliisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka mwisho. Kisha akairudisha mezani kwa kidole kimoja.

"Hujaweka tarehe," akasema.

Mwanaidi akaweka tarehe.